Je, Wajua? Penseli Ilivuka Kigongo Kabla ya Gari

Toleo hili tumemwandama mtu ambaye kazi yake unaiona kila siku ya Mungu ilhali jina lake hulijui: mchoraji anayekula kwa penseli yake. Hatumsemi yule wa picha za kutundika sebuleni peke yake. Tunamsema pia aliyechora kitabu cha mwanao wa darasa la pili, katuni ya gazetini, noti iliyomo mfukoni, hata samaki waliomo kwenye vitabu vya watafiti. Tumeanzia Kigongo, tukazunguka Ziwa Victoria, kisha uchu wa habari ukatushinda tukajikuta New York.

Daraja lilianza kwenye karatasi

Jiwe la msingi la Daraja la Kigongo–Busisi liliwekwa Desemba 2019, na daraja likafunguliwa rasmi tarehe 19 Juni 2025 kwa jina la J.P. Magufuli. Lakini picha yake, nzima na rangi zake, ilikwisha kuzunguka magazetini na kwenye simu wakati watu bado wanapanga foleni ya kivuko. Kilomita 3 za urefu na mita 28.45 za upana zilikaa vizuri kabisa kwenye kurasa za gazeti.

Kazi hiyo ina wenyewe. Mchoraji hupewa makaratasi ya wahandisi yaliyojaa namba, naye huyageuza kuwa kitu ambacho mama muuza mahindi ya kuchoma na waziri wa fedha, wote wawili, wakikitazama wanasema "kumbe!" Tena hujichagulia hali ya hewa. Umewahi kuona picha ya mradi ambamo mvua inanyesha? Mimi bado.

Penseli moja, safari 18 za Busisi

Penseli ya kawaida, ya bei ya peremende chache, hukadiriwa kuwa inaweza kuchora mstari wa kilomita 56 kabla haijaisha. Kwa urefu wa daraja letu, hizo ni safari 18 za kutoka ng'ambo hii hadi ile, na risasi ya kuanza ya 19 ingali inabaki. Na hiyo "risasi" si risasi: ni grafiti, kaboni iliyochanganywa na udongo mfinyanzi. Udongo ukizidi penseli huwa ngumu na mstari mwembamba. Ukipungua huwa laini na nyeusi. Ndiyo maana mchoraji wa kweli hana penseli moja, ana ukoo mzima wa penseli.

Nembo ya Taifa: mkono wa Kanda ya Ziwa, na ubishi wake

Itazame nembo iliyo juu ya barua yoyote ya serikali: bwana na bibi wameshika pembe za ndovu, Mlima Kilimanjaro uko chini ya miguu yao, karafuu upande mmoja na pamba upande wa pili. Pamba hiyo, dhahabu nyeupe ya Usukumani, huenda si bahati tu, kwa maana wote wawili wanaotajwa kuwa waliichora nembo ni watu wa huku kwetu.

Wa kwanza ni Jeremiah Wisdom Kabati wa Bwiru, Mwanza. Wa pili ni Francis Kanyasu, Msukuma aliyejulikana zaidi kama Mzee Ngosha, ambaye habari zake ziliwashtua wengi mwaka 2017 alipokutwa Buguruni, Dar es Salaam, akiishi maisha ya dhiki. Serikali ilimchukua akatibiwe, na mwishoni mwa Mei mwaka huohuo akafariki Muhimbili. Mpaka leo ukikaa kijiweni ukataja jina la mmoja, hakosi mtu wa kukutajia la mwingine.

Ubishi huo unatokana na desturi ya kazi yenyewe. Mchora picha ya ukutani hutia sahihi pembeni. Mchora nembo ya nchi haweki jina lake popote, na nembo ikishatoka mkononi mwake ni ya watu wote. Watoto wa shule wanaweza kuikariri ngao nzima, kuanzia mwenge hadi jembe na shoka, na wasiulizwe hata siku moja nani aliyeishika penseli.

Lipia chakula cha Geita kwa picha ya Geita

Ukivuka daraja ukaendelea na barabara utafika Geita. Ukifika huko toa noti ya shilingi 5,000 uigeuze: upande mmoja yuko faru, upande wa pili upo mgodi wa dhahabu wa Geita. Ni miji michache sana duniani ambako unaweza kununua wali kwa picha ya mgodi wake.

Sasa pitisha kidole juu ya noti hiyo, ikiwa bado haijachakaa. Kuna sehemu zinakwaruza. Hiyo ni kazi ya bamba lililochongwa mistari. Wino hukaa ndani ya mifereji yake, kisha mtambo huikandamiza karatasi kwa nguvu hadi wino unyanyuke. Kwa desturi ya fani hiyo, mchongaji hufanya kila kitu kinyumenyume. Kulia kwake ni kushoto kwako, kama anayejitazama kwenye kioo. Jaribu kuandika jina lako hivyo mara moja tu, halafu fikiria kuichora sura ya faru.

Kwa nini samaki wote hutazama kushoto?

Fungua kitabu cha kisayansi kuhusu samaki, cha nchi yoyote. Karibu wote wamelala kichwa upande wa kushoto, kama waliopewa amri. Ni kanuni ya fani: mtafiti huuhifadhi upande wa kushoto wa samaki ukiwa safi kwa ajili ya kupimwa na kuchorwa, na akitaka kukata nyama ya uchunguzi hukata wa kulia. Na mwanga? Katika michoro ya sayansi, kwa mazoea, jua huwaka kutoka juu kushoto. Mtu akishazoea kanuni hizi mbili, michoro ya miaka 100 iliyopita na ya leo anailinganisha bila kugeuza shingo.

Huku kwetu kanuni hiyo ina uzito wake, kwa sababu ya samaki aitwaye furu. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, zilizotokea ndani ya takriban miaka 15,000 tu, mwendo ambao kwa viumbe wenye uti wa mgongo ni wa kasi ya ajabu. Mwaka 1977 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walipiga kambi Mwanza na kuanza kuvua na kuchunguza furu katika Ghuba ya Mwanza, ghuba ileile ambayo daraja linaikatiza. Haikuchukua muda sangara, aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka ghafla na kuwafagia. Aina zinazokaribia 200 zinahesabiwa kuwa zimetoweka.

Hapo ndipo mchoraji anakuwa mtu muhimu kuliko nyavu. Dume la furu hujulikana kwa rangi zake, nazo hufifia upesi akifa. Ukimtia kwenye chupa ya dawa, baada ya muda anakuwa wa kahawia kama wenzake wote. Kwa hiyo rangi lazima zinakiliwe samaki akiwa bado mbichi kabisa. Halafu kuna kuhesabu. Mchoraji wa samaki huhesabu magamba ya ubavuni na miiba ya pezi la mgongoni, mmojammoja. Samaki akiwa na magamba 32 naye akachora 30, ameumba samaki asiyekuwepo ziwani.

Mwalimu Nyerere anaogelea

Mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu aling'atuka urais, watafiti wawili wa kundi hilohilo la Leiden, Els Witte-Maas na Frans Witte, walitangaza aina mpya ya furu wa Ziwa Victoria na kumpa jina la heshima: Haplochromis nyererei. Dume lake ni kituko cha rangi, mgongo mwekundu, ubavu wa manjano wenye milia myeusi. Leo wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani wanamtunza sebuleni, na wengi wao, nadhani, hawajui kuwa wanamfuga Baba wa Taifa la watu.

Mpelelezi aliyeiacha kamera

Wapelelezi Speke na Grant walipojiandaa Zanzibar mwaka 1860 kwa safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, Grant ndiye aliyekuwa mpiga picha. Kamera za wakati ule zilidai kemikali, vioo na kihema cheusi cha kusafishia picha, na ndani ya kihema kile joto lilikuwa la kuua. Speke aliona mwenzake ataangamia kabla hawajafika popote, wakaiweka kamera pembeni. Grant akarudi kwenye penseli na rangi za maji.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya picha za safari ile ya 1860 hadi 1863, ikiwemo ya upande wa magharibi wa ziwa letu, imetoka kwenye vidole vya mtu mmoja. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, na ile iliyomo kwenye kitabu cha Speke cha 1863 wachongaji wa London waliinakili kwenye mbao ndipo ikachapwa. Ukiona mti wa Karagwe umefanana kidogo na mti wa Uingereza, ujue ulipita mikono miwili.

Ukuta wa wacheza na nyoka

Miaka mingi kabla ya shule za sanaa, Usukumani kulikuwa na michoro ambayo usingeweza kuiona bila kuwa mwanachama. Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, walichora kuta za ndani za nyumba zao za chama: nyoka, watu, na viumbe wa masimulizi, kwa rangi zilizotengenezwa papo hapo. Michoro ilitumika kufundishia waliokuwa wakiingizwa chamani. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya kikoloni na kuishi Mwanza, alikusanya nakala zake na kuzichapisha kitabuni mwaka 1953. Nyumba ya udongo haidumu, na mvua za masika hazijui sanaa. Bila nakala hizo tungebaki na simulizi.

Mchora mawe aliyebadilisha historia ya binadamu

Kama tungeruhusiwa kuchagua habari moja tu katika ukurasa huu, tungechagua hii.

Mary Leakey, mwanamke aliyeliona fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959, aliingia katika fani ya mambo ya kale kwa mlango wa uchoraji. Baba yake alikuwa mchoraji. Yeye mwenyewe hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alichokuwa nacho ni mkono. Alikuwa akichora zana za mawe za kale kwa ustadi kiasi kwamba Louis Leakey, aliyekuwa anatafuta mtu wa kumchorea kitabu, alielekezwa kwake. Kitabu kilitoka 1934, na miaka miwili baadaye wakaoana.

Kwa nini jiwe lichorwe wakati kamera ipo? Kwa sababu picha ya kamera huonyesha kivuli na doa na vumbi, vyote kwa usawa. Mchoraji huonyesha kilichokusudiwa: pigo hili lilitangulia, hili likafuata, hapa ndipo mkono ulipolishikia jiwe. Ili achore hivyo ni lazima alielewe jiwe, na Mary alikuwa ameyaelewa mawe mengi kabla wasomi wengine hawajamaliza kuvaa miwani.

Mwaka 1948, kwenye kisiwa cha Rusinga upande wa Kenya wa ziwa letu, alilipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Mwaka 1951 akaenda Kondoa na karatasi angavu, akazibandika juu ya miamba na kunakili michoro ya kale mstari kwa mstari: twiga, wawindaji, watu wenye nywele za ajabu. Ilikuwa mamia na mamia ya picha. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka 1983, yaani miaka 32 baadaye. Yeyote anayemlalamikia mchapishaji wake kwa kuchelewa na aisome sentensi hiyo tena. Miamba yenyewe iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006.

Karatasi moja ikunjwe mara nne

Vitabu vingi vya picha vya watoto vina kurasa 32, na sababu yake iko kiwandani. Chukua karatasi kubwa, ikunje mara nne, kata kingo: umepata majani 16, kurasa 32. Mwandishi akitaka kurasa 33, anamwongezea mchapishaji karatasi nyingine nzima. Kwa hiyo mchoraji wa vitabu hupokea hadithi na kabla ya kuchora chochote huigawa kwa vijumba vidogo 32, akipanga simba atokee lini na msomaji ageuze ukurasa kwa hofu wapi.

Bluu ambayo kamera haikuiona

Kabla ya kompyuta, wachora katuni walianza kazi kwa penseli ya bluu hafifu, kisha wakapita juu yake kwa wino mweusi. Hawakufuta kitu. Filamu iliyotumika kupigia kurasa picha kwa ajili ya uchapaji haikuiona bluu hiyo, hivyo makosa yote, mikono mitatu, pua iliyohamishwa, yalipotea yenyewe mtamboni. Ukibahatika kuona mchoro halisi wa katuni ya zamani, utaikuta bluu ile bado ipo chini ya wino, na mchoraji yu hadharani akijisahihisha.

Kijani cha simu hakifiki gazetini

Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga wa aina tatu: nyekundu, kijani na bluu. Mtambo wa uchapaji hutumia wino wa aina nne, na wino hauwaki. Ndiyo maana kile kijani kikali kilichokupendeza kwenye skrini hutoka karatasini kimepoa kama mchicha uliokaa jikoni. Mchoraji aliyekomaa huijua hasara hiyo mapema na kuchagua rangi zitakazonusurika. Na ukubwa wa kazi? Ukurasa mmoja wa A4 kwa kiwango cha kawaida cha uchapaji una nukta karibu milioni 8.7. Kalamu za kidijitali za siku hizi nazo hutambua viwango 8,192 vya kukandamiza mkono, ingawa sijakutana na mchoraji aliyekiri kutumia zaidi ya vinne.

Tingatinga: miaka minne

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968. Alikuwa amepita kwenye mashamba ya mkonge na kwenye vibarua vya kila namna jijini Dar es Salaam. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya ubao mwembamba wa dari na rangi ya kupakia baiskeli, akachora wanyama na ndege wa kung'aa, na picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 askari walidhani ni mhalifu anayekimbia, wakampiga risasi akafa. Kazi yake yote ya uchoraji ilidumu miaka minne.

Hao wanaochora twiga wenye madoa ya kuchekesha Slipway, Arusha, Zanzibar na kwenye vibanda vya watalii, wote wanakula kwenye sahani aliyoipakua yeye. Wa mwanzo walikuwa jamaa na wanafunzi wake: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda. Na hawakumwibia. Sheria ya hakimiliki hulinda kazi yenyewe, picha ile, na hailindi mtindo. Mtindo ni wa kila mwenye mkono.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Ukinunua picha umenunua ubao na rangi yake. Ukitaka kuichapa kwenye fulana au kalenda, hiyo ni haki nyingine, na mwenye kuiuza ni mchoraji. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na ofisi ya COSOTA, humlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Piga hesabu ya Tingatinga: 1972 jumlisha 50. Miaka minne ya kazi, nusu karne ya ulinzi, na ulinzi umeisha mwaka 2022.

Samaki wabichi kwa Kijerumani

John Kilaka, mtoto wa nyanda za Sumbawanga aliyejifunza mtindo huohuo wa Tingatinga, aliupeleka kwenye vitabu vya watoto. Kitabu chake cha mvuvi sokwe na samaki wake wabichi kilitoka Uswisi mwaka 2001, kwa Kijerumani, wanyama wote wakiwa wamevaa nguo kama wanakwenda mnadani. Watoto wa Zurich waliwajua kabla ya wengi wa watoto wa Kirumba.

Balozi mwenye picha New York

Sam Ntiro wa Uchagani alisoma uchoraji Makerere na kisha London. Mwaka 1956 alichora watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na picha hiyo imo katika jumba la sanaa ya kisasa la MoMA, New York. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ilimtuma London kuwa Balozi. Mchoraji na ubalozi! Sijui ni nchi gani nyingine changa iliyofikiri hivyo.

Butimba si gereza tu

Taja Butimba na watu wengi watafikiria gereza. Chuo cha Ualimu Butimba, hapohapo Mwanza, kwa miaka mingi kimekuwa kikifundisha walimu wa sanaa, muziki na michezo. Kama mwalimu wako wa shule alikufundisha kuchora chungu chenye kivuli upande mmoja, inawezekana kabisa kivuli hicho kilitokea Butimba.

Kuchora kisichoonekana

Kitabu cha afya kilichofasiriwa kwa lugha zaidi ya 80, Kiswahili kikiwemo kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, kiliandikwa na David Werner, mwanabiolojia ambaye michoro mingi aliichora kwa mkono wake mwenyewe. Kilianzia milima ya Meksiko kwa wanakijiji ambao wengi hawakusoma.

Sasa chukua kichocho, maradhi ya ufuoni kwetu. Mdudu wake hutoka kwa konokono, huogelea, hupenya ngozi ya mguu. Hakuna hatua hata moja unayoiona kwa jicho. Mchoraji wa bango la afya lazima amfanye mdudu huyo aonekane bila kumkuza hadi mtu aseme "aa, wa hivyo sisi huku hatuna." Inabidi aongeze mshale, duara, kioo cha kukuzia. Halafu ahakikishe kuwa mtazamaji anajua mshale ni nini, maana mshale nao ni kitu cha kujifunza. Kwa asiyeuzoea ni mkuki tu.

Wazo moja kila siku, Jumapili tu upumzike

Mchora katuni wa gazeti la kila siku, akipumzika Jumapili, anadaiwa mawazo 313 kwa mwaka, na yote yawe mapya. Kwa kipimo hicho mfalme wa Afrika Mashariki ni Edward Gitau wa Kenya, aliyeanza kumchora mhusika wake Juha Kalulu miaka ya 1950 na kuendelea naye kwa zaidi ya nusu karne. Marais walikuja wakaondoka, Juha akabaki.

Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyesomea usanifu majengo katika chuo cha Ardhi. Akaacha, na mwaka 1992 akaajiriwa na gazeti la Nation jijini Nairobi. Majengo hayo ambayo hakuyajenga sijui yangekuwaje, ila wanasiasa wa ukanda mzima wangelala vizuri zaidi. Mwaka 2009 akawatoa kabisa karatasini na kuwafanya vikaragosi vya runinga, kipindi cha XYZ.

Na jarida la Sani, lile la Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, lilipewa jina kwa kuunganisha silabi za waanzilishi wake, Saidi na Nico. Wengi wetu tulilisoma chini ya dawati na hatukuwaza.

Dakika moja, michoro 1,440

Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Kila picha ikichorwa peke yake, dakika moja ya katuni ya runinga inadai michoro 1,440. Wachoraji wana ujanja wao: kila mchoro hupigwa mara mbili, jicho halishtuki, na idadi inashuka hadi 720. Bado ni nyingi kwa dakika ambayo mtoto ataitazama huku akitafuna muhogo. Kompyuta zimepunguza mzigo huo sana, na ndiyo maana kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam iliweza mwaka 2014 kuanza kurusha Ubongo Kids, hesabu kwa Kiswahili, twiga na wenzake wakiimba.

Mchora panya aliyezindua gari

Masoud Kipanya, ambaye panya wake mdogo amekuwa akisema pembeni mwa katuni yale ambayo wakubwa katikati hawayasemi, ni mtangazaji wa redio pia. Machi 2022 alisimama mbele ya waandishi wa habari Dar es Salaam na kuzindua gari dogo la umeme lililoundwa hapahapa nchini. Halikuwa katuni. Lilikuwa na magurudumu manne, na lilitembea.